Pilipili Manga Yarudi Manga

Wazee wetu wa pwani waliiita Bara Arabu, na hasa ile pembe yake ambamo Maskati imo, kwa jina la Manga. Na vitu vingi vilivyoshuka kutoka katika majahazi yaliyokuja na kaskazi walivipa nisba ya huko, hata tunda likawa komamanga, na njiwa wa kufugwa akawa njiwa manga, na zile punje nyeusi zenye makunyanzi, ambazo asili yake ni mwambao wa Malabar katika Bara Hindi wala si majabali makavu ya Omani, nazo zikaitwa pilipili manga, kwa sababu Wamanga ndio walioleta. Nimelitamka jina hilo tangu utoto wangu bila ya kulitafakari, kama mtu anavyolitamka jina lake mwenyewe, mpaka siku ile nilipojikuta nimesimama katika soko la Matrah, mjini Maskati, na kifuko cha kilo mbili za pilipili hiyo mkononi, iliyochumwa Kinole, katika mabega ya mashariki ya milima ya Uluguru, natafuta mtu wa kuinunua. Nilikuwa nairudisha pilipili manga Manga. Na katika kuirudisha huko nilijifunza kanuni moja ambayo napenda kuieleza katika safu hii, nayo ni kuwa jina la kitu aghalabu halitoki kwa aliyekiotesha, hutoka kwa aliyekileta.

Mimi ni mkaazi wa Morogoro, mji ambao wenyewe, kwa fahari iliyochanganyika na majuto kidogo, tumeupa lakabu ya mji kasoro bahari, maana mlima tunao, mito tunayo, ardhi yenye rutuba tunayo, na reli tunayo tangu mwaka 1907. Na pengine ni kwa ajili ya kasoro hiyo moja kwamba safari ya kuvuka maji huhesabiwa kwetu kuwa jambo kubwa. Mfanyabiashara wa mjini petu akisema anakwenda Ghuba, majirani hawamwulizi anapeleka nini. Humwuliza atarudi na nini, nao humpa maagizo ya mabaibui, manukato, mikufu ya dhahabu, simu na vipuri vya magari, naye hutoka na begi lililosinyaa akarudi na mabegi matatu yaliyovimba. Ndiyo safari tuliyoizoea, safari ya mnunuzi. Yangu ilikuwa na nia nyingine. Miaka mingi nimekusanya viungo vya Kinole, Mkuyuni na Tawa, pilipili manga, mdalasini, iliki na karafuu, nikaviuza kwa madalali wa Dar es Salaam, ambao huvitia katika magunia yao pamoja na vya watu wengine, na toka hapo habari zake hukatika kama nyayo za mtu aliyeingia mtoni. Nilitaka safari hii nivuke mto huo nione ng'ambo yake kuna nini.

Katika ndege walikuwamo mabinti kiasi cha ishirini, wamevaa mabaibui mapya ya namna moja, kila mmoja ameshika bahasha ya karatasi zake kifuani kama mtu aliyeshika mtoto mchanga. Aliyekaa kando yangu alinisalimu kwa adabu ya nyumbani.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mwanangu. Unakwenda kutembea?"

"Nakwenda kazini, mjomba. Kazi za nyumbani. Miaka miwili."

Nilipomwuliza kwao wapi, alinitajia kijiji kilicho juu ya Matombo, mwendo wa asubuhi moja tu kutoka mahali nilikonunua bidhaa yangu, na nilipomwonyesha kifuko changu alikicheka kwa mshangao usio na dhihaka, akasema, "Pilipili? Kwani huko hawana, mjomba?" Sikuwa na jibu la kumpa. Lakini swali lile sikuliacha kwenye ndege. Nililichukua pamoja na mizigo yangu, nikashuka nalo.

Maskati si mji mmoja. Ni miji kadha iliyoshikana mikono kandokando ya bahari, toka mji mkongwe wenye kasri la Al Alam, kupitia Matrah na Ruwi, hata Qurum, Al Khuwair na Seeb, yote imebanwa baina ya maji ya buluu na safu ya milima ya mawe matupu ambayo haina jani, kiasi kwamba mtu wa Uluguru, aliyezoea kuuona mlima umevaa nguo, huingiwa na haya kidogo anapoitazama. Nyumba zake ni nyeupe na fupi, kwani serikali ya huko haikupenda mashindano ya minara ya vioo ambayo majirani zao wa Ghuba wameyafanya kuwa alama ya maendeleo. Nyumba, mlima na bahari zimeachiwa zionane. Maskati hupata mvua ya kadiri ya milimita 100 tu kwa mwaka mzima, hali miteremko yetu ya mashariki hupata zaidi ya milimita 2,000. Na maji ya bomba ya mji ule, kwa sehemu kubwa, ni maji ya bahari yaliyotolewa chumvi kwa mitambo na gharama. Ikiwa wetu ni mji kasoro bahari, basi ule ni mji kasoro mvua, na mtu akiulizwa ni kasoro ipi iliyo nzito zaidi, akili ingemwambia kuwa mwenye mvua ndiye tajiri. Macho yangu yaliniambia vingine.

Mgeni wa Maskati hawezi kuondoka bila ya kuuzuru Msikiti Mkuu wa Sultani Qaboos, uliofunguliwa mwaka 2001, nami niliuzuru asubuhi, nikavua viatu, nikakanyaga zulia ambalo lina ukubwa wa mita za mraba 4,343 na uzito wa tani 21, lililofumwa kwa mkono na wanawake 600 kwa muda wa miaka minne. Mtu wa kwanza niliyemwuliza habari zake alinijibu kabla sijamaliza swali, kwamba hilo ni zulia la Kiirani. Nilistaajabu, na ajabu yangu ilikuwa katika neno zaidi kuliko katika zulia. Lile zulia limo Omani, limelipiwa kwa fedha ya Omani, latumiwa na Waomani, walakini jina lake limebaki la wale waliolifuma, kwa kuwa walilifuma na kulileta wao wenyewe, nao wakalitandika kwa jina lao.

Katika mji mkongwe zimesimama juu ya majabali ngome mbili, Jalali na Mirani, ambazo Wareno walizijenga mwishoni mwa karne ya 16, hata Waomani wakawatoa mwaka 1650, kisha wakawafuata mpaka pwani yetu na kuitwaa Ngome ya Yesu ya Mombasa mwaka 1698. Yaliyofuata wasomaji wanayajua: Seyyid Said bin Sultan akakihamishia kiti chake Unguja, akafa baharini mwaka 1856 akiwa njiani toka Maskati, na ufalme wake ukagawanywa mara mbili mwaka 1861. Huo ni undugu wa damu na wa lugha, nami siukani, maana nilisalimiwa kwa Kiswahili katika teksi, katika mgahawa na katika duka la ubani, na wengi walionisalimu ni watoto na wajukuu wa watu walioondoka Unguja baada ya mwaka 1964, au walioondoka bara yetu baada ya Sultani Qaboos kushika nchi mwaka 1970 na kuwaita ndugu zake warejee. Walakini mtu wa Morogoro hana ruhusa ya kuusimulia undugu huu kwa upande mmoja. Njia ya misafara kutoka Bagamoyo kwenda Tabora na Ujiji ilipita chini ya milima yetu, na pamoja na nguo na shanga zilizokwenda bara zilirudi pembe za ndovu na watu waliofungwa. Na hata mwaka 1873, Sultani Barghash alipolazimishwa na Waingereza kulifunga soko la watumwa la Unguja, si kila mnyororo ulifunguka siku hiyo. Undugu wa kweli hauhitaji kusahau. Huhitaji mizani iliyo sawa.

Na mizani ndiyo niliyoikuta Matrah. Soko lile lina vichochoro vilivyoezekwa, vyenye majambia ya fedha, halua, na ubani wa Dhofari unaofukizwa mlangoni mwa kila duka hata nguo za mpita njia zikanukia bila ya yeye kulipa kitu. Na maneno yote ya biashara ninayoyatumia Morogoro kila siku, soko, bei, thamani, faida, hasara, dalali, mizani, niliyasikia yakirudi masikioni mwangu kwa lafudhi ya wenyewe. Niliingia katika maduka matano ya viungo. Nilikuta pilipili ya Bara Hindi imeandikwa kuwa ya Bara Hindi, mdalasini wa Sri Lanka umeandikwa kuwa wa Sri Lanka, na karafuu zimeandikwa Zanzibar kwa herufi kubwa. Kopo lenye neno Uluguru sikuliona, na mwenye duka aliyewahi kulisikia neno hilo sikumpata, mpaka duka la sita.

Humo alikaa mzee wa kanzu nyeupe na kofia ya kushonwa kwa mkono, na kikombe kidogo cha kahawa mbele yake.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Watoka Unguja?"

"Natoka Morogoro, mzee."

Akakiweka kikombe chini. "Morogoro! Vuli imenyesha huko?"

Nimesafiri kidogo katika maisha yangu, nami sijapata kuulizwa swali lililonigusa kuliko lile, maana mtu haulizi habari za vuli ila katika nchi ambayo moyo wake bado unalima. Akaniambia kuwa alizaliwa nyuma ya duka la baba yake, katika njia ya Matombo, akacheza na watoto wa Kiluguru mtoni, na kwamba ujana wake aliucheza katika muziki wa Cuban Marimba, bendi ya Salum Abdallah, mwana wa Morogoro ambaye baba yake alikuwa Mwarabu na ambaye aliiaga dunia mwaka 1965. Tulizungumza kitambo, hata nikadhani biashara imekwisha kwa sababu ya udugu. Nilikosea. Alipokifungua kifuko changu uso wake ulibadilika, akawa mfanyabiashara. Hakunusa wala hakuonja kwanza. Alichukua kopo la lita moja, akalijaza pilipili yangu, akaukata mdomo wake kwa ubapa wa mkono ili isizidi wala isipungue, akaimimina katika mizani. Pilipili iliyokomaa vyema, akaniambia, hufikia gramu 550 kwa lita. Yangu ilifika 430. Akaichota tena kidogo, akaitandaza kiganjani, akatenga punje nzito na zile nyepesi ambazo ndani yake ni hewa tupu.

"Hizi zimechumwa zingali zanyonya," akasema. "Na hizi zimeanikwa chini, zina mchanga. Na hizi chache hapa, hizi ni nzuri kuliko za Bara Hindi ninazouza. Zote zatoka mlima mmoja?"

Nikamwambia ndiyo. Akaniuliza maswali matatu ambayo hakuna dalali aliyepata kuniuliza katika maisha yangu: ninazo kiasi gani zilizo kama hizi nzuri, zitakuja lini nyingine, na zitakapokuja, zitakuwa sawasawa na hizi? Sikuweza kulijibu hata moja.

Nataka niwe mkweli juu ya sababu za kimya changu, kwa kuwa ni rahisi kuwalaumu madalali, nao wana lawama yao, lakini hawakunituma Maskati na punje zilizojaa hewa. Pilipili manga ni mti wa kutambaa, hupanda juu ya miti mingine, na kishada chake hakikomai mara moja. Mwenye busara hungoja mpaka punje chache za kishada zianze kuwa nyekundu ndipo akichume, akianike juani siku kadha juu ya kitu safi, hata maji yakitoke na rangi iwe nyeusi. Mkulima wetu hangoji, kwa kuwa akingoja, mwizi hangoji, na ada ya shule haingoji, na mnunuzi anayepita na pikipiki hulipa bei ileile kwa iliyokomaa na isiyokomaa, kwani yeye hununua uzito na kuuza uzito. Kwa hiyo nyumba moja huchuma mapema, ya pili huanika juu ya udongo, ya tatu hufanya kazi yake kwa uaminifu kamili, na mwisho wote watatu hukutana katika gunia moja lisilo na jina, ambamo mwema huzama pamoja na mzembe. Hapa ndipo ninapougombeza msemo wetu mmoja, tunaouheshimu mno, usemao kuwa kizuri chajiuza na kibaya chajitembeza. Msemo huo umetulaza. Katika duka la Matrah nilikuta vizuri vya dunia nzima, navyo vyote vilikuwa vimetembezwa. Na kizuri chetu, kwa kungoja kujiuza, kimekaa nyumbani hata kikavunda, au kimetoka kwa jina la mwingine.

Siku ya tano, kwa kuwa biashara yangu ilikuwa imekwisha kwa namna hiyo, nilijiunga na wasafiri wengine kwenda kuutazama mlima wao uitwao Jabal Akhdar, yaani Mlima wa Kijani, upande wa Nizwa. Nakiri kuwa nilipofika nilicheka kimoyomoyo, kwani kile ambacho Waomani hukiita kijani, mtu wa Mgeta angekiita mlima ulionyolewa. Ni mawe, na mawe juu ya mawe, hata unapofika katika uwanda wa Saiq, kadiri ya mita 2,000 juu ya bahari, ndipo unapoona chini ya miguu yako vijiji vilivyoning'inia, na chini ya vijiji ngazi za mashamba zilizojengwa kwa mawe, nyembamba kama vidato vya mnara, na katika kila kidato mawaridi, ambayo kila majira ya kuchanua hukamuliwa marashi kwa mvuke, na mikomamanga. Hapa, nikasema, komamanga halikusingiziwa jina.

Kicheko changu kilikoma nilipoyaona maji. Yalikuwa kidogo, upana wa mkono mmoja, yanakwenda katika mfereji wa mawe uitwao falaj. Na mifereji ya namna hiyo, mitano kati ya mingi iliyoko Omani, iliingizwa mwaka 2006 katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO. Yatokapo katika chemchemi, maji hayo hunywewa kwanza, kisha hutumika msikitini na majumbani, kisha ndipo huingia mashambani kwa zamu, na zamu hiyo haipimwi kwa ndoo bali kwa wakati. Kiasi cha nusu saa huitwa athar, nao waliihesabu tangu kale kwa kivuli cha kijiti mchana na kwa nyota usiku. Anayesimamia mambo ya mfereji huitwa wakil, neno ambalo sisi tumelichukua na kulifanya la mahakamani, kumbe huko ni wakili wa maji. Mtu akikosa zamu yake amekosa. Akiiuza, huiuza mbele ya watu. Na mfereji ukibomoka, wote huinama. Mlima ule hauna utajiri tulio nao. Una hesabu tusiyo nayo.

Nao Waluguru si wageni wa ngazi wala wa mifereji. Watu wa Mgeta walikwisha kuongoza maji mashambani na kukata vidato vyao zamani. Lakini ilipofika miaka ya 1950 serikali ya Kiingereza iliwalazimisha wakulima wa Uluguru kulima matuta ya ngazi kwa amri, matuta ambayo mara nyingi yalifukua udongo wa chini usio na rutuba na kuufukia wa juu, na mwaka 1955 watu wa Matombo walikataa kwa fujo, na mpango wote ukavunjika. Walikuwa na haki ya kuikataa amri. Lakini nahofu kuwa, katika kuukataa mkono uliotulazimisha, tulilikataa hata jambo lenyewe, na tangu siku hizo mlima umekuwa kama mali ya yatima: kila mtu huula, hakuna anayeuhesabu. Waarabu wametupa neno rasilmali, ambalo maana yake ni kichwa cha mali, fungu ambalo mfanyabiashara haligusi hata akipata njaa, kwa kuwa ndilo lizaalo faida. Uluguru ni rasilmali kwa maana hiyo kamili. Kutoka humo hutiririka mito inayoujaza Ruvu, na Ruvu ndio unaoinywesha Dar es Salaam. Mwishoni mwa mwaka 2022 ulipopungua, mji ule mkubwa uliingia katika mgao wa maji, na watu wake wakajua, ingawa kwa miezi michache, kwamba kiu ya pwani huanzia kilele cha mlima. Kukata msitu wa juu ili kupanda mahindi ya msimu mmoja ni kula kichwa cha mali na kuuacha mkia.

Sasa nirudi kwa yule binti. Katika siku zangu sita niliwaona wengine kama yeye, wakisukuma vigari vya watoto kandokando ya bahari ya Matrah, wakibeba mifuko nyuma ya mama wa nyumba. Na kila mara nilipotaja kwamba natoka Tanzania, kwa wasiokuwa na nasaba na kwetu, jambo la kwanza lililowajia ni msichana aliyewahi kuwafanyia kazi, wakamsifu au wakamlalamikia. Hapo ndipo kanuni yangu iliponiuma. Ikiwa kitu huitwa kwa jina la aliyekileta, na nchi nayo hujulikana kwa kile inacholeta, na Iran imeleta zulia, na Bara Hindi imeleta pilipili, na Unguja imeleta karafuu, basi sisi wa bara tumeleta mabinti, na jina letu huko limekuwa jina la utumishi.

Sisemi kuwa kazi ya nyumbani ni aibu, wala sisemi kuwa kila nyumba ya Omani ni jela. Wako waliorudi na mitaji, wakajenga, wakasomesha. Lakini mwaka 2017 shirika la Human Rights Watch lilichapisha ripoti juu ya watumishi wa Kitanzania katika Omani na Falme za Kiarabu, na ndani yake mlikuwa na habari za pasi zilizozuiliwa, mishahara iliyokatwa au isiyolipwa, siku za kazi zisizo na mwisho, na mapigo. Na chini ya kanuni ya udhamini, mtumishi aliyemkimbia bwana wake huweza kuhesabiwa kuwa ndiye mkosaji. Atakayenijibu kuwa fedha wanazotuma ni msaada mkubwa, namkubalia, kisha namwuliza: msaada huo ungekuwa kiasi gani lau kile kilichovuka bahari kingekuwa ni pilipili iliyokomaa, na mwenye kuivusha akabaki na pasi yake mkononi?

Na kwa Waluguru jambo hili lina uzito wa pili. Ukoo wetu, lukolo, hufuata upande wa mama, na ardhi ya ukoo hupita kwa wanawake. Binti ndiye mzizi ambao kwa huo shamba hukaa katika jina la ukoo. Alipopita Stanley mwaka 1871 aliukuta mji wa Simbamwene, mahali ilipo Morogoro ya leo, umezungushiwa ukuta wa mawe, na mtawala wake ni mwanamke, binti wa Kisabengo, ambaye misafara iliyokuja na mali za Unguja ililazimika kumlipa hongo ndipo ipite. Sifichi kuwa Kisabengo naye alikuwa na mikono isiyo safi katika biashara ya zama zake. Lakini fikirini: miaka mia na hamsini iliyopita mali ya Manga haikupita hapa ila kwa idhini ya binti, na leo binti ndiye apitishwaye. Tunapompeleka msichana wa Matombo akaoshe vyombo vya watu, tunamwondoa mwenye shamba, kisha tunalalamika kuwa shamba halina mwenyewe. Yule aliyeniita mjomba hakukosea neno; kwa desturi yetu mjomba ndiye mwenye dhamana juu ya mpwa wake, na wajomba wote wa mlima huu, nami nikiwamo, tunadaiwa.

Deni hilo halilipwi kwa hotuba. Hulipwa kwa mambo madogo yanayofuatana: wanavijiji wakubaliane siku ya kuchuma, ili aliyengoja asiibiwe na asiyengoja asipate mnunuzi, ushirika uwe na vichanja vya kuanikia na mizani ya kupima lita, na ulipe bei mbili kwa pilipili mbili, wataalamu wa Chuo Kikuu cha Sokoine, ambao madirisha yao yanautazama mlima huo kila asubuhi, wapande juu mara nyingi zaidi, na kila gunia liandikwe kwa nje neno Uluguru kabla halijafika mikononi mwa dalali. Njia ipo. Treni ya reli mpya ya Dar es Salaam ilianza kuchukua abiria mwaka 2024, na bandari ni ileile. Na kwa mabinti ambao bado watakwenda, kwani hawatakosekana, serikali isione haya kuwauliza mawakala, kwa jina na kwa anwani, ni nyumba ipi inayompokea kila mmoja wao, na kumtuma mtu wa ubalozi abishe hodi katika nyumba hiyo. Mkutano wa wakuu wa nchi, kama ule wa Juni 2022 Rais Samia Suluhu Hassan alipoizuru Maskati, ni neema. Lakini mkataba wa wakuu humfikia msichana wa jikoni pale tu anapokuwapo mtu wa kumpelekea.

Mzee wa Matrah hakuinunua pilipili yangu. Alizitenga zile punje nzuri, kiasi cha vikombe viwili, akazitia katika mkebe, akachukua kipande cha karatasi na kalamu, akaniuliza aandike jina gani. Nilitaka kusema pilipili manga, kwa mazoea. Nikajizuia, nikasema Kinole. Naye akaandika Kinole kwa herufi za Kiarabu, akaubandika mkebe, akauweka rafuni baina ya Malabar na Sri Lanka, si wa kuuza bali wa kungoja. "Nitauweka hapa," akasema, "mpaka ulete gunia lililo sawa na huu."

Nilipofika nyumbani nilipanda Kinole, nikakaa barazani na wakulima kumi na wanne, nikawaeleza habari ya kopo na mizani. Tisa wamekubali kungoja mpaka vishada viwe vyekundu. Watano wamesema watatazama kwanza hao tisa watapata nini, nami siwalaumu.